Baiskeli, Saa na Binti wa Mlimani

Yeyote aliyekaa Zirai, au katika kijiji chochote cha milima ya Usambara, amekwisha kuliona jambo tunalotaka kulieleza hapa, ingawa pengine hakulitia maanani. Siku ya gulio, kaka na dada huondoka nyumbani alfajiri na baiskeli moja iliyofungwa mikungu ya ndizi. Penye mpando, kaka hushika usukani na dada husukuma kwa nyuma, miguu ikiteleza katika udongo mwekundu, mpaka wafike juu. Hapo juu kaka hukalia baiskeli, huiachia, na kuteremka huku akipiga kengele ili watu wampishe. Dada huifuata njia ile ile kwa miguu, na akifika gulioni hulaumiwa kwa kuchelewa. Ukimwuliza kwa nini asipande yeye japo mara moja, hukutazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. Hujibu kwamba baiskeli si ya wanawake.

Sisi tunasema kwamba jibu hilo ni la uongo, na kwamba ni wajibu wa walimu na vijana wa taifa hili kuufichua uongo huo. Hatusemi hivyo kwa sababu ya kupenda mchezo tu. Tunasema hivyo kwa sababu mwaka 2025 mabingwa wa baiskeli wa dunia nzima walikuja jirani na sisi, katika nchi ya milima kama yetu, na wengi wa mabinti zetu hawakuona kwamba jambo hilo linawahusu. Utamaduni unaoifanya nusu ya watu wake iyatazame mambo ya dunia na kusema "haya si yetu" ni utamaduni wenye maradhi, na maradhi hayaponi kwa kufichwa.

Tuanze na hayo ya Kigali. Tarehe 21 Septemba 2025 yalifunguliwa katika mji huo mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1921, na kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja hayakuwahi kufanyika katika ardhi ya Afrika. Siku hiyo ya kwanza wanawake walishindana na saa. Yafaa tueleze maana ya mbio hizi, kwa kuwa wengi wetu tunazijua mbio za kundi tu, ambazo watu huondoka pamoja na wa kwanza kuvuka mstari ndiye mshindi. Katika mbio za kushindana na saa kila mpandaji huondoka peke yake, mmoja baada ya mwingine, kwa nafasi iliyopangwa. Haruhusiwi kujificha nyuma ya mwenzake ili akingwe na upepo. Hana wa kumvuta wala wa kumsukuma. Saa huanza kuhesabu aondokapo na husimama afikapo. Mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye bingwa.

Njia ya Kigali ilikuwa na urefu wa kilomita 31.2, katika mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,500, wenye vilima visivyokwisha, na karibu na mwisho palikuwa na mpando uliotandikwa mawe. Mshindi alikuwa Marlen Reusser wa Uswisi. Alitumia dakika 43 na sekunde 9, yaani mwendo wa zaidi ya kilomita 43 kwa saa, akawatangulia Waholanzi wawili, Anna van der Breggen na Demi Vollering. Huyo wa pili aliachwa kwa sekunde karibu 52.

Msomaji wa Zirai na apime hesabu hizo kwa kipimo cha nyumbani. Kutoka Mombo, chini kabisa, kupanda Soni hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei, na mji wa Lushoto uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,400. Hewa ya Kigali, basi, ni hewa ya kwetu. Miinuko ya Kigali ni miinuko ambayo mama zetu huipanda kila siku na mizigo ya kuni vichwani. Kitu ambacho hakikuwa cha kwetu siku ile ni baiskeli iliyokuwa chini ya mwanamke.

Wageni wengi wanaofika Lushoto wamezoea kuilinganisha milima yetu na Uswisi. Wajerumani, walipoitawala nchi hii, waliuita mji huo Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao, wakapumzika hapo kwa kuwa baridi yake iliwakumbusha kwao. Mpaka leo wako wenzetu wanaofurahi sana kusikia sifa hiyo ya Uswisi. Lakini sifa hiyo ni ya mawe, miti na ukungu. Hatujamsikia anayeuliza: kama milima inafanana, mbona maisha ya mabinti hayafanani? Binti wa mkulima wa Uswisi alikuja Afrika akapanda vilima vya Afrika akawa bingwa. Binti wa mkulima wa Usambara anasukuma baiskeli ya kaka yake.

Nasi tumesema "binti wa mkulima" kwa makusudi. Reusser alizaliwa mwaka 1991 na akakulia shambani, katika jimbo la Bern. Alisomea udaktari, akafuzu, akafanya kazi hospitalini. Mbio za baiskeli hakuzianza utotoni. Aliziingia akiwa mtu mzima. Mwaka 2020 alikuwa wa pili duniani katika mbio za kushindana na saa. Mwaka 2021 alikuwa wa pili tena, na katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka huo huo, akapata medali ya fedha. Mwaka 2022 alikuwa wa tatu. Mwaka 2023, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Uskoti, alisimama katikati ya njia na kuacha mbio, huku dunia ikimtazama. Mwaka 2024 maradhi yalimzuia kwenda Olimpiki ya Paris. Ndipo mwaka 2025, siku moja baada ya kutimiza miaka 34, akapata huko Kigali kile alichokikosa mara zote hizo. Walimu na wayasome maisha hayo pamoja na wanafunzi wao, maana yamo ndani yake majibu ya hoja nyingi zinazotolewa vijijini mwetu. Sasa tuzitazame hoja hizo moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya mila. Wenye hoja hii hupenda kutukumbusha kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo nasi tunaiamini. Lakini tunauliza: mila ya nani, na tangu lini? Mbegha alipofika Vuga, na Wakilindi walipoitawala nchi ya Shambaa, hapakuwa na baiskeli. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na reli hiyo ikafika Mombo mwaka 1905. Baiskeli ni kitu cha zama hizo hizo. Mababu zetu walituachia miiko ya msitu, ya mvua, ya ndoa na ya mazishi; mwiko wa baiskeli hawakuweza kutuachia, kwa kuwa baiskeli yenyewe hawakuijua. Basi anayemkataza binti kwa jina la mababu anawasingizia marehemu.

Ukitaka kujua mwiko huo ulitoka wapi, tazama ni nani aliyeipata baiskeli kwanza. Aliipata ofisa wa kikoloni na mmisionari. Baada yao karani, akida, mwalimu na mnyapara wa shamba. Hao wote walikuwa wanaume, kwa sababu mkoloni hakumpa mwanamke kazi ya mshahara. Mwanamume alinunua baiskeli kwa mshahara ule. Mwanamke akabaki na jembe na mtungi. Desturi iliyozaliwa katika daftari la mishahara la mkoloni ndiyo tunayoivika leo kanzu na kuiita mila. Hiyo si mila, ni kasumba. Nao wananchi wa Mwanza na Shinyanga, ambao ni Waafrika kama sisi na wana mila zao kama sisi, hawakuona tabu kumwona mwanamke juu ya baiskeli, wala kuwaandalia wanawake mbio zao. Je, hao nao wamekuwa watumwa?

Hoja ya pili ni ya mwili na heshima. Husemwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo sisi tutaisema waziwazi. Inasemwa kwamba baiskeli huharibu usichana, humtia mwanamke utasa, na humfanya aonekane hana adabu. Wanafunzi wetu na wafahamu kwamba maneno hayo si uvumbuzi wa wazee wa Usambara. Katika miaka ya 1890 walikuwako madaktari wa Ulaya na Marekani walioandika maonyo ya namna hiyo hiyo: kwamba baiskeli itamharibia mwanamke viungo vya uzazi, itamkunja uso, na itamwondolea haya. Watu wao wenyewe waliyaacha maneno hayo zamani. Sisi tumeyaokota jalalani kwao, tukayatia chumvi, tukayaita busara.

Tena tunauliza: huyo anayeuhurumia mwili wa binti juu ya baiskeli alikuwa wapi binti huyo alipopanda mlima na mzigo wa kuni? Alikuwa wapi mama mjamzito alipokuwa akiteka maji bondeni? Mwili ule ule unaohesabiwa kuwa dhaifu mno kwa pedali huhesabiwa kuwa na nguvu za kutosha kwa kila mzigo usiotakiwa na mwanamume. Huruma inayokuja wakati wa raha na kuondoka wakati wa kazi si huruma. Ni hila. Ama kuhusu adabu, vazi la heshima lipo kwa kila mchezo, na wazazi na walimu wanaweza kukaa pamoja wakalichagua. Jambo la mshono halihitaji mwiko.

Hoja ya tatu ni ya masomo. Wazazi wengine, kwa nia njema kabisa, huona kwamba mchezo utamwondoa binti darasani. Jibu letu ni maisha ya yule daktari tuliyemtaja. Elimu haikumzuia kushindana, wala mbio hazikumzuia kufuzu. Na wale wanaosema kwamba mwanamke akishapita miaka ishirini na mitano mwili wake umekwisha, na waangalie majukwaa ya Kigali: wa kwanza alikuwa na miaka 34, na wa pili, Anna van der Breggen, alikuwa na miaka 35, naye alikuwa ameacha mbio mwaka 2021 kisha akarudi mwaka 2025. Twaongeza kwamba binti anayetembea mwendo mrefu asubuhi na jioni kwenda shule ya sekondari anapoteza nguvu zake nyingi njiani. Baiskeli, pale ambapo njia inairuhusu, humrudishia saa za kusoma. Kwa hiyo anayeipenda elimu ya binti haipigi vita baiskeli.

Hoja ya nne ni ya gharama, nayo ndiyo hoja pekee inayostahili heshima. Ni kweli kwamba mbio za kushindana na saa, jinsi zinavyoendeshwa leo na makampuni ya nchi tajiri, zimegeuzwa kuwa mashindano ya mitambo. Baiskeli zake hutengenezwa kwa ajili ya kuukata upepo tu. Kofia na mavazi hupimwa kwa makini maabarani. Na bei ya baiskeli moja ya namna hiyo huweza kupita mapato ya mkulima wetu kwa miaka mingi. Hatuna haja ya kuuiga ubepari huo. Mtu akitwambia kwamba Tanzania ianze kwa kununua mitambo hiyo, tutampinga kwa nguvu zile zile tunazowapinga wenye mwiko.

Lakini tazameni jambo moja ambalo matajiri hawana haja ya kuliona, nasi maskini tuna haja nalo. Mbio za kundi zinahitaji baiskeli nyingi: wapandaji ishirini, baiskeli ishirini. Mbio za kushindana na saa zinahitaji baiskeli moja. Kwa kuwa kila mmoja huondoka peke yake, binti wa kwanza akimaliza baiskeli hurudishwa, akapewa wa pili, kisha wa tatu, mpaka darasa zima limeshiriki. Wote wametumia chombo kile kile, kiti kile kile, mnyororo ule ule, katika njia ile ile. Hapo hakuna mtoto wa tajiri wala wa maskini. Kuna mapafu, miguu na moyo. Kigali kwenyewe hapakuwa na usawa wa namna hiyo. Baiskeli moja, saa moja na daftari moja la kuandikia muda: shule gani ya sekondari, hata ya mlimani, itasema kwamba haiwezi kuvipata kwa nguvu za wazazi na mradi wa shamba la shule?

Wengine watatuambia kwamba milima yetu ni mikali na watoto wataanguka. Nao wana haki ya kuogopa. Basi mbio hizo na zianzie chini ziishie juu. Katika mpando mwendo ni mdogo, breki hazijaribiwi, na anayechoka hushuka akapumzika. Mpando ndio shule ya mbio za saa, kwa kuwa hapo hakuna hila ya upepo; kila mtu huubeba uzito wake mwenyewe. Kofia ngumu na ziwepo, breki na zikaguliwe na mwalimu, na njia na isimamiwe ili pikipiki, ambazo sasa zimejaa katika barabara zetu, zisubiri.

Wala asije mtu akadhani kwamba tunasema Ulaya ni mwalimu wa usawa na sisi ni wanafunzi. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1896 ilikuwa na mbio za baiskeli za wanaume. Wanawake walisubiri hadi mwaka 1984. Mashindano ya dunia ya barabarani yaliwaruhusu wanawake mwaka 1958. Ubingwa wa dunia wa kushindana na saa kwa watu wazima, wanaume na wanawake, ulianza mwaka 1994. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 wanawake na wanaume walishindana na saa kwa umbali ule ule, kilomita 32.4, lakini Kigali, mwaka mmoja baadaye, wanaume walipewa kilomita 40.6 na wanawake kilomita 31.2. Ndiyo kusema kwamba hao wenye mashine za thamani nao bado wanabishana na kasumba zao. Katika ubishi huo hatuko nyuma yao kwa maumbile. Tuko nyuma kwa kutokuanza.

Majirani zetu wamekwisha kuanza. Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alikwenda mwaka 2015 kushiriki mashindano ya dunia huko Richmond, Marekani. Mwenzake Diane Ingabire aliingia mwaka 2022 katika timu ya kukuza vipaji ya Canyon–SRAM. Kimberley Le Court wa Mauritius, kisiwa cha bahari hii hii ya Hindi, alishinda mwaka 2025 mbio za Liège–Bastogne–Liège, kisha mwaka huo huo akavaa fulana ya manjano ya kiongozi katika mbio za wanawake za kuizunguka Ufaransa.

Na sisi Watanzania hatukosi mfano wa nyumbani. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville, mwanamke wa taifa hili, Theresia Dismas, alirusha mkuki akapata medali ya fedha. Mkuki! Chombo ambacho kila kabila letu lilikihesabu kuwa ni cha mwanamume. Taifa halikuuliza kama mila zimevunjwa; taifa lilishangilia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, ilitungwa sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa, na mwaka huo huo Elimu ya Kujitegemea ikatufundisha kwamba shule si mahali pa kukariri tu. Taifa hili liliwahi hata kuwa na kampuni yake ya umma ya baiskeli, NABICO. Kwa hiyo tulikuwa na sheria, tulikuwa na siasa, tulikuwa na kiwanda, na tulikuwa na mwanamke shujaa. Kilichopungua ni kuviunganisha vitu hivyo mpaka vifike kwa binti wa mlimani.

Tunadai nini, basi? Tunadai mambo matatu, na yote ni mepesi. Kwanza, kila shule ya sekondari yenye baiskeli, hata kama ni ile ya kutumia kwa ajili ya posta na dawa, iitoe siku moja kwa muhula ili wasichana washindane na saa, na muda wao uandikwe katika daftari litakalotunzwa, ili mdogo ajue amemshinda dada yake kwa sekunde ngapi. Pili, wazazi wanapogawa vyombo vya nyumba wasiihesabu baiskeli kuwa urithi wa mtoto wa kiume. Tatu, wasimamizi wa michezo wa wilaya, wanapokuja mlimani na mipira ya miguu na ya pete, waje pia na saa.

Kwa walimu tunaongeza neno moja. Msingoje amri. Daftari la kwanza la muda halihitaji muhuri wa mtu. Na kwa mabinti wanaousoma ukurasa huu tunasema hivi: saa haijui baba yako ni nani, haijui kabila lako, haijui kwamba wewe ni msichana. Inajua dakika tu. Katika dunia iliyojaa waamuzi wenye upendeleo, huyo ni mwamuzi ambaye hampaswi kumwogopa.

Tulianza na kaka na dada katika njia ya gulio, na hapo ndipo tutakapomalizia. Hatutaki kaka anyang'anywe baiskeli. Tunataka siku moja, wakifika juu pamoja na mikungu yao, kaka amwambie dada: "Leo zamu yako." Asipolisema kaka, basi dada na alidai mwenyewe, tena mbele za watu. Aliyesukuma mpandoni ana haki ya mteremko.